Jino la Tatu Halioti

Kuna fikra kongwe iliyokaa vichwani mwa watu wetu wengi, waliosoma na wasiosoma, kwamba meno ni jambo dogo. Mchezaji akivunjika mguu uwanjani, mchezo husimama, machela huitwa, na gari hutafutwa kwa haraka hata ikiwa ni ile ya mchuuzi iliyokuwa ikipita njia. Mchezaji huyo huyo aking'oka jino huambiwa ateme damu, asukutue kwa maji ya chumvi, kisha arudi mchezoni. Akirudi hupigiwa makofi. Ati huyo ndiye mwanamume.

Sasa tuangalie ni yupi kati ya hao wawili aliyepata hasara kubwa zaidi. Mguu uliovunjika, ukifungwa vizuri, huunga. Baada ya miezi kadhaa mwenyewe huukanyagia, na mwaka ukipita huenda akasahau ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Jino haliungi. Mwanadamu hupewa seti mbili tu za meno katika maisha yake. Ya kwanza ni ya meno 20 ya utotoni. Ya pili, ikikamilika pamoja na magego ya mwisho, ni ya meno 32. Meno ya mbele ya seti hii ya pili huanza kuchomoza mtoto akiwa na umri wa miaka 6 mpaka 8, wakati ndiyo kwanza anajifunza kusoma na kuandika, na tangu hapo yanatakiwa yamtumikie mpaka mwisho wa umri wake. Tabaka ya nje ya jino ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa, lakini haina chembe hai ndani yake. Mfupa hujitengeneza kwa kuwa una uhai. Tabaka hii ikimeguka, hakuna kitu mwilini kitakachoijenga tena.

Haya ni mambo ambayo kila mwalimu wa michezo katika Kisiwa cha Pemba, kuanzia Micheweni mpaka Mkoani, hana budi kuyajua kabla ya kukabidhiwa filimbi. Tumeyafanya kuwa siri ya matabibu. Na kwa kuwa hatuyajui, hatuoni ajabu kuwapeleka watoto wetu uwanjani vinywa wazi, ilhali dunia ina chombo kidogo, chepesi na cha bei ya chini kilichotengenezwa kwa ajili hii hasa, yaani kinga ya meno. Ni kipande cha plastiki laini chenye umbo la kiatu cha farasi, kinachovaliwa juu ya meno ya taya la juu. Makala haya yanadai kwamba chombo hicho kiingizwe katika vifaa vya lazima vya michezo yetu ya skuli na ya vilabu. Aidha, yanawajibu wale wote wanaodhani dai hilo ni anasa.

Tuanze na ngumi, kwa kuwa hapo ndipo penye haraka. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Awamu ya Kwanza iliupiga marufuku mchezo wa ngumi Unguja na Pemba, na katazo hilo likadumu karibu miaka 60. Kizazi kizima kilikua bila ya kuuona ulingo, ila kwa kuvuka bahari kwenda Tanga au Dar es Salaam, au baadaye katika televisheni. Katika Serikali ya Awamu ya Nane mlango ulifunguliwa, na mwaka 2023 mabondia walipanda tena ulingoni Unguja. Wako waliofurahi na wako waliochukia. Hatukusudii kuufufua mjadala huo, kwani umekwisha. Lakini katazo lile, liwe lilikuwa sawa au halikuwa sawa, lilikuwa na faida moja isiyobishika: kwa miaka yote ile hakuna kijana wa Kipemba aliyepoteza jino ulingoni kwao. Anayeliondoa katazo hana budi kuweka kitu mahali pake.

Tutaambiwa kwamba kitu hicho kimekwisha kuwekwa. Sheria za ngumi, za ridhaa na za kulipwa, zinamtaka bondia avae kinga ya meno, na ikimtoka mdomoni mwamuzi anawajibika kuona kwamba imeoshwa na kurudishwa. Ni kweli. Lakini mwamuzi haji mazoezini. Bondia hupigana pambano moja mbele ya watu baada ya kupigana mazoezini kwa wiki nyingi mbele ya mwalimu wake peke yake, na mwalimu huyo, mara nyingi, ni kijana aliyejifunza ngumi kwa macho. Hapo ndipo utakapowakuta vijana wawili wakitwangana bila ya chochote kinywani. Au, na hili ni baya zaidi, utawakuta wakipokezana kinga moja, huyu akiitema na mwenziwe akiipachika. Kinga ya meno haiazimwi, kama vile mswaki hauazimwi. Kwanza ni uchafu, kwani mate na damu ya fizi hupita kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Pili, iliyokaa sawasawa katika taya la Juma haiwezi kukaa sawasawa katika taya la Hamadi, na kinga inayochezacheza mdomoni haikingi kitu.

Ngumi zina historia inayofaa kusimuliwa kwa kirefu, maana inatuonyesha kwamba ubishi tunaousikia leo si mpya. Mwaka 1890 daktari wa meno mmoja wa London, Woolf Krause, alianza kuwawekea mabondia vipande vya utomvu mgumu wa mti uitwao gutapecha juu ya meno yao ya mbele kabla ya kupanda ulingoni. Midomo ilikuwa ikichanwa na meno ya mwenyewe, na Krause alitaka kulizuia hilo. Baadaye kikatengenezwa chombo kinachoweza kuvaliwa na kuvuliwa, na katika miaka ya 1910 bondia wa mashariki ya London, Ted "Kid" Lewis, akawa anakivaa hadharani. Basi ilikuwa kelele! Alipopambana na Mmarekani Jack Britton mwaka 1915, upande wa Britton ulilalamika kwamba chombo kile si halali. Kwa maneno mengine, walitaka meno ya Lewis yawe wazi ili yaweze kuvunjwa kwa haki.

Ubishi ule ulimalizwa na damu. Mwezi Machi 1927 mjini New York, Mike McTigue alikuwa akimshinda Jack Sharkey. Katika raundi ya 12 jino la McTigue lililomeguka likamchana kinywa kwa ndani, na kwa jinsi alivyokuwa akitoka damu pambano likasimamishwa, ushindi akapewa Sharkey. Tangu hapo kinga ya meno ikaanza kukubalika, na leo bondia asiyekuwa nayo anaonekana kama nahodha aliyetoka bandarini bila ya usukani. Waliokuwa wakicheka wakati wa Lewis hawakushindwa kwa hoja. Walishindwa kwa jino moja.

Lakini ngumi ni mchezo wa wachache. Pemba ni kisiwa cha mpira wa miguu. Siku ya mchezo mkubwa katika uwanja wa Gombani huwezi kupata gari ya kwenda Chake Chake isiyojaa. Na nyuma ya Gombani kuna viwanja mia vya vijiji na vya skuli, vingine vyenye visiki, vingine vyenye mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama visu, vyenye milingoti ya magoli iliyokatwa msituni na kusimamishwa bila ya kusawazishwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni moja duniani wamefikwa na majeraha ya meno na kinywa, na kwamba kwa watoto wa hadi umri wa miaka 12 kiasi chake ni kama asilimia 20. Miongoni mwa sababu linazozitaja ni viwanja visivyo salama, ajali za barabarani na ugomvi. Sisi viwanja visivyo salama tunavyo, na bodaboda tunazo.

Katika mpira jino halivunjwi kwa ngumi. Huvunjwa kwa kiwiko wakati wachezaji wawili wanaporuka pamoja kupiga kichwa, kwa kichwa cha mwenzi kinachorudi nyuma, kwa goti linalomfika mlinda mlango aliyelala kuudaka mpira, na kwa mlingoti. Meno yanayoumia zaidi ni yale ya mbele ya juu, na mtoto ambaye meno yake yamechomoza mbele yumo hatarini kuliko wenziwe. Msichana anayecheza netiboli ana viwiko vile vile mbele yake. Anayecheza ngoma ya kirumbizi kwa bakora, au karate, au mpira wa magongo, hahitaji kuelezwa.

Mwandishi wa makala haya alikuwapo siku moja katika mchezo wa skuli mbili, ambazo hazina haja ya kutajwa, mlinda mlango mmoja alipokumbana na goti. Jino lake la mbele lilitoka zima, na mzizi wake, likaanguka mchangani. Mwalimu aliliokota, akalitazama, akampa kijana. Kijana akalitia mfukoni. Mzee mmoja aliyekuwa pembeni akatania kwamba alitupe juu ya paa apate jingine, kama watoto wanavyoambiwa meno yao ya utotoni yanapong'oka. Watu wakacheka. Kijana yule alikuwa na miaka 16, na hakuna jino jingine lililokuwa linamngojea. Wala hapana aliyejua, miongoni mwa walimu wanne waliokuwapo, kwamba jino lile lilikuwa bado hai na lingeweza kurudishwa.

Naam, lingeweza. Jambo hili halijulikani, nalo ni jepesi, kwa hiyo tulieleze. Jino la ukubwani likitoka zima, lisishikwe mzizi, lishikwe sehemu ile nyeupe ya kutafunia. Juu ya mzizi kuna nyuzinyuzi laini zenye chembe hai, na chembe hizo ndizo zitakazolishikamanisha jino na mfupa upya. Anayelisugua jino ili litakate anaziua. Likiwa na mchanga, lioshwe kwa maji safi kidogo tu, kwa muda mfupi, kisha lirudishwe pale pale lilipotoka na mwenyewe aume kitambaa ili lisitoke. Ikiwa haiwezekani kulirudisha, litiwe katika maziwa na si katika maji matupu, na mgonjwa akimbizwe kwa daktari wa meno pamoja na jino lake. Likikaa kavu kwa saa moja, matumaini ni madogo. Meno ya utotoni hayarudishwi, kwa kuwa kuyarudisha kunaweza kuliharibu jino linalokuja chini yake.

Wenzetu wa Pemba watauliza kuhusu maji ya dafu, maana dafu hapa ni jepesi kupatikana kuliko maziwa. Wachunguzi wamelijaribu jambo hilo. Wengine walipata matokeo mazuri na wengine hawakuyapata, kwa sababu maji ya dafu yana asidi. Maziwa hayana ubishi. Basi lipo tatizo gani skuli yenye michezo kuwa na pakiti moja ya maziwa karibu na sanduku la huduma ya kwanza?

Sasa turudi kwenye kinga yenyewe na jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu wanaoidharau wengi wao hawajapata kuishika. Pigo linapofika katika jino moja, kinga hulitawanya katika meno mengi na kulipunguza nguvu. Huitenga midomo na mashavu mbali na makali ya meno. Huzuia meno ya chini yasigongane na ya juu pale mtu anapopigwa chini ya kidevu. Ziko za aina tatu. Ya kwanza huuzwa ikiwa tayari na haibadiliki umbo, huvaliwa kama ilivyo. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani mvaaji hulazimika kuiuma muda wote isidondoke. Ya pili hulainishwa katika maji ya moto, kisha mtu huipachika na kuiuma, huku akiibana kwa vidole na ulimi mpaka ichukue umbo la meno yake. Ya tatu hutengenezwa na daktari wa meno juu ya sanamu ya plasta ya taya la mtu mwenyewe, nayo ndiyo bora kuliko zote, lakini ghali. Kwa skuli zetu ya pili yatosha, maadamu mwalimu amefundishwa namna ya kuisimamia ili ikae imara. Mtoto anayekua abadilishiwe kila msimu, kwa kuwa taya hukua na meno husogea. Baada ya mchezo ioshwe kwa sabuni na maji ya baridi, itiwe katika kijaluba chenye matundu, isiachwe juani ikajikunja.

Inafaa pia kusema kile ambacho kinga haifanyi, ili tusije tukaitwa wapiga debe. Kinga ya meno haijathibitika kuulinda ubongo. Bondia aliyevaa kinga anaweza kuzirai kama asiyevaa, na mchezaji aliyegongwa kichwa akawa anapepesuka atolewe uwanjani, awe nayo au asiwe nayo. Kazi yake ni meno, midomo na mataya. Kazi hiyo inaifanya.

Ushahidi wake upo, tena umetoka katika nchi ambayo michezo yake ni ya nguvu kuliko yetu. Nchini New Zealand mchezo wa raga ni kama dini. Katika mwishoni mwa miaka ya 1990 chama cha raga cha huko kilifanya kinga ya meno kuwa ya lazima, na mamlaka ya serikali inayolipa fidia za ajali ikawa inafuatilia. Mwaka 1993 wachezaji waliosema kuwa wanavaa kinga walikuwa asilimia 67. Kufikia 2003 wakawa asilimia 93. Madai ya fidia za meno yaliyotokana na raga yalipungua kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Hapana mahubiri yaliyoleta matokeo hayo. Kilichofanyika ni kuandika kanuni, na mwamuzi akapewa uwezo wa kumtoa nje asiyeitii. Marekani nayo iliwalazimisha wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa skuli za sekondari tangu 1962, na wa vyuo vikuu mwaka 1973.

Wako wanaosema: "Hayo ni mambo ya Wazungu." Kwani mpira wenyewe ulikuja na nani? Filimbi je, na kadi nyekundu? Hoja hii hutolewa na watu wale wale ambao Jumamosi usiku hawalali kwa kuangalia ligi ya Uingereza, na vijana wao humtazama Stephen Curry wa mpira wa kikapu wa Marekani akiwa na kinga yake ya meno. (Kwa bahati mbaya huitoa na kuitafuna nje ya mdomo anapopiga mitupo huru, tabia isiyofaa kuigwa.) Hii ni kasumba ya namna yake: kuiga jezi, kuiga mtindo wa nywele, kuiga hata namna ya kushangilia bao, kisha kukataa kuiga kile kimoja chenye manufaa mwilini.

Wengine husema mpira si ngumi, na kwamba shirikisho la mpira la dunia halikulazimisha. Ni kweli halikulazimisha. Lakini kinga za ugoko nazo hazikuwa za lazima mpaka mwaka 1990, na leo hakuna mwamuzi wa Wete wala wa Mkoani atakayemruhusu mchezaji kuingia bila ya kinga za ugoko. Je, ugoko wa Mpemba ni bora kuliko meno yake? Kanuni ya 4 ya sheria za mpira inaruhusu vifaa vya kujikinga ambavyo si vya hatari kwa wengine. Kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumkataza mtoto kuvaa kinga ya meno, na hakuna kinachozuia mashindano yetu wenyewe ya skuli kuweka sharti lao.

Tunasikia pia kwamba mchezaji hawezi kupumua wala kuzungumza. Hilo ni kweli kwa kinga mbovu isiyokaa. Iliyokaa vizuri humsumbua mtu siku chache za mwanzo, kama viatu vipya, kisha huizoea.

Hoja kubwa kuliko zote ni ya fedha, na hiyo tusiipite kwa wepesi, kwani skuli zetu kweli hazina fedha. Lakini tazameni fedha zilizopo zinavyokwenda. Mashindano yanapokaribia, hununuliwa jezi mpya hata zile za mwaka jana zikiwa nzima. Hukodiwa vipaza sauti na mahema. Hununuliwa kombe kubwa linalong'ara kuliko la wilaya ya jirani. Viti vya wageni rasmi hufunikwa vitambaa, na juu ya meza huwekwa maji ya chupa. Hatusemi kwamba mgeni asikae kivulini. Tunasema kwamba katika orodha yote hiyo iliyopitishwa na kamati ya watu wazima, hakuna mstari hata mmoja wa kinywa cha mchezaji, na kwamba kinga ya kulainisha kwa maji ya moto ni kitu kidogo mno kuhesabiwa pamoja na vitu hivyo.

Na gharama ya upande wa pili ni ipi? Katika hospitali za nchi yetu tiba ya jino inayotolewa kwa wingi ni kung'oa. Kuliziba, kulitibu mzizi, kulivisha taji au kuliweka la bandia ni kazi inayotaka mtaalamu, vifaa na ziara nyingi. Mtu wa Kojani au wa Makangale atapaswa kusafiri kwenda Chake Chake au Mkoani, pengine kuvuka bahari kwenda Unguja, na kurudi tena, na tena. Nauli peke yake imekwisha kuipita bei ya kinga. Jino la bandia nalo halidumu milele. Litachakaa, litatengenezwa tena. Kijana wa miaka 16 atalilipia jino moja kwa umri wake wote, au atakaa na pengo. Wanaochukulia kwamba pengo si kitu na wawaulize wasichana walioacha kucheka kwa sauti, au kijana anayeweka mkono mdomoni anapoulizwa swali na watu wa usaili wa kazi. Mwalimu wa chuo cha Kurani na mwalimu wa Kiingereza wote wawili watawaambieni jinsi herufi zinavyopotea katika ulimi wa mtu asiye na meno ya mbele.

Na tusisahau kwamba Mpemba si mgeni wa kujikinga. Mvuvi hatoki na ngalawa bila ya kitu cha kufulia maji, hata bahari ikiwa shwari kama sinia. Anayepanda mkarafuu huijaribu kwanza kamba yake. Watu hawa wanaijua maana ya kutangulia mbele ya ajali. Ni sisi wenye ofisi na madaftari ambao hatukuwapelekea habari kwamba kinywa nacho kina kamba yake.

Habari ikipelekwa vizuri hupokelewa. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa Tanzania Bara kwa redio na kwa vikundi vya kujisomea, walishiriki watu wapatao milioni mbili, na vyoo vikachimbwa kwa wingi katika vijiji ambavyo wengine walidai kuwa havingebadilika. Kisiwa chenye wilaya nne tu hakiwezi kushindwa kuwaeleza walimu wake wa michezo habari ya meno.

Aidha mwalimu ajitazame yeye mwenyewe. Mtoto anayemwona mwalimu wake akifungua chupa ya soda kwa gego, au akichambua muwa kwa meno ya mbele huku akisifiwa kwa ukali wake, hatasadiki somo la kulinda meno litakalofuata. Hilo tunalitaja tu na kulipita.

Kinachotakiwa sasa ni waraka. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, kwa kushauriana na Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, iutoe kwa skuli na vilabu vyote, nasi tunaomba uwe mfupi. Katika ngumi, hakuna mazoezi ya kupigana wawili bila ya kinga ya meno kwa kila mmoja, na klabu itakayokutwa inaazimishana ifungiwe. Katika mpira wa miguu, sharti lianze na walinda mlango wa michezo ya skuli msimu wa kwanza, kisha msimu wa pili wachezaji wote. Wizara ya Afya imtume tabibu wa meno katika kila wilaya, asubuhi moja tu, awafundishe walimu wa michezo kuilainisha kinga na kulirudisha jino lililotoka. Na kila kamati ya mashindano, kabla ya kuidhinisha fedha za kombe, ionyeshe risiti ya kinga za meno na pakiti ya maziwa. Maofisa wa elimu wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani hawana haja ya kuusubiri waraka huo ndipo waanze. Bajeti za michezo za skuli zao zinapita mezani kwao, na kalamu wanayo.